Tairi la baiskeli ni pembejeo, lisinunuliwe kwa mazoea

ALFAJIRI, kabla jua halijachomoza, njia nyingi za vijijini huwa tayari zimechorwa na matairi ya baiskeli. Mfugaji anapeleka madumu ya maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, mkulima amefunga matenga mawili ya nyanya kwenye keria, mchuuzi wa samaki anawahi gulio, na fundi ujenzi anaelekea mjini kutafuta kibarua. Wote hao wanategemea kitu kimoja ambacho ni nadra kukifikiria mpaka siku kinapowaangusha njiani. Kitu hicho ni tairi.

Ni kweli kwamba pikipiki zimeenea kila kona. Zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kubeba abiria, kazi ambayo huko Shinyanga na Tabora ilifanywa na daladala za baiskeli, na ambayo pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiyo iliyozaa jina la bodaboda. Lakini baiskeli haijaondoka. Hainywi petroli, haidai leseni wala bima, na inapita kwenye vijia vya mashambani ambako gari halifiki. Kwa mwenye mzigo wa kilo 60 na safari ya kilomita 15, bado ndicho chombo kinachomwachia faida kubwa zaidi mfukoni.

Pamoja na umuhimu huo, mkulima anapokaa kupanga bajeti ya msimu huandika mbegu, mbolea, dawa, vibarua na magunia. Tairi halimo. Hununuliwa siku lililopo linapopasuka, kwa fedha iliyopatikana kwa haraka, katika duka lililo karibu, na swali linaloulizwa ni moja tu: lipi la bei ya chini? Kwa namna hiyo kifaa kinachobeba mavuno yote kutoka shambani hadi barabarani kinachaguliwa kwa uangalifu mdogo kuliko ule wa kuchagua jembe.

Mazoea hayo yana gharama, na gharama hiyo inalipwa na mtu mwenye kipato kidogo.

Bei si gharama

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Usemi huo unafaa kupimwa kwa hesabu badala ya kurudiwa tu.

Chukulia mchuuzi wa maziwa anayesafiri kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka atakuwa ameendesha kilomita 12,480. Duka lina matairi mawili. La kwanza linauzwa shilingi 12,000 na kwa kazi hiyo linadumu miezi minne. La pili linauzwa shilingi 22,000 na linadumu mwaka mzima. Bei hizi ni za mfano, na kila mmoja anaweza kuweka za sokoni kwake.

Kwa gurudumu la nyuma peke yake, mchuuzi huyo atanunua matairi matatu ya bei ndogo kwa mwaka, yaani shilingi 36,000, dhidi ya shilingi 22,000 za tairi moja imara. Hapo tu tairi la bei ndogo limeshakuwa ghali. Lakini hesabu haiishii hapo. Tairi jembamba, lenye mpira hafifu, hupata pancha mara nyingi zaidi. Ikiwa ni pancha sita kwa mwezi kwa shilingi 1,000 kila moja, hiyo ni shilingi 72,000 kwa mwaka. Tairi imara likipata pancha mbili kwa mwezi, ni shilingi 24,000.

Kisha kuna siku ambazo pancha huharibu biashara yenyewe. Maziwa yanachacha, nyanya zinapondeka, mnunuzi aliyesubiri anaondoka na kununua kwa mwingine. Tuseme siku tatu za namna hiyo kwa mwaka kwa tairi hafifu na siku moja kwa tairi imara, kila siku ikiwa na hasara ya shilingi 15,000. Ukijumlisha yote, tairi la shilingi 12,000 limemgharimu mchuuzi shilingi 153,000 kwa mwaka, wakati la shilingi 22,000 limemgharimu shilingi 61,000. Kwa kila kilomita, la kwanza limekula takriban shilingi 12 na la pili takriban shilingi tano.

Mchuuzi aliyedhani ameokoa shilingi 10,000 dukani amepoteza shilingi 92,000 barabarani. Hata kama tairi la pili lingedumu miezi sita tu badala ya 12, jumla yake ingekuwa shilingi 83,000, bado chini sana ya lile la kwanza.

Kuna kanuni nyepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia akiwa dukani bila kalamu. Gawanya bei kwa idadi ya miezi ambayo tairi lilidumu mara ya mwisho. Kama tairi la shilingi 12,000 lilidumu miezi minne, lilikuwa linakula shilingi 3,000 kwa mwezi. Tairi la shilingi 22,000 litakuwa na nafuu ikiwa litadumu zaidi ya miezi saba na siku chache, hata kabla ya kuhesabu pancha. Ili hesabu hiyo iwezekane, tarehe ya kununua tairi iandikwe kwenye daftari, kama inavyoandikwa tarehe ya kupanda mahindi.

Hata hivyo haki itendeke kwa tairi la bei ndogo. Mzee anayetumia baiskeli yake mara mbili kwa wiki kwenda dukani au kanisani hana sababu ya kulipa zaidi. Tairi lake litazeeka kwa jua kabla halijaisha kwa kutembea. Tairi ghali ni uwekezaji kwa yule ambaye baiskeli ndiyo ofisi yake.

Upepo ndio unaobeba mzigo

Ili kujua tairi gani linafaa, ni vema kuelewa kazi yake. Mwaka 1887 huko Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alifunga mpira uliojazwa upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya mtoto wake ya miguu mitatu, akaona inateleza kwa wepesi kuliko ilivyokuwa kwa mpira mgumu. Mwaka uliofuata alipata hataza ya kazi hiyo, ingawa baadaye ilibainika kwamba Robert William Thomson alikwishasajili wazo kama hilo mwaka 1845. Kanuni waliyoigundua watu hao wawili haijabadilika mpaka leo: mzigo unabebwa na upepo, na tairi ni gunia la kuushikilia upepo huo lisipasuke wala lisitobolewe.

Gunia hilo lina sehemu tatu. Kuna nyuzi za nailoni au pamba zilizofumwa, ambazo ndizo hasa zinazozuia kupasuka. Kuna mpira wa juu unaogusa ardhi. Na kuna ukingo wenye waya unaoshika kwenye ringi. Tairi lenye mpira mnene lakini nyuzi chache au dhaifu litavimba kama jipu likibebeshwa mzigo. Tairi lenye nyuzi nzuri lakini mpira mwembamba litatobolewa na kila mwiba.

Mzigo wenyewe haugawanyiki sawa. Baiskeli ya kilo 20, mwendeshaji wa kilo 65 na gunia la kilo 100 kwenye keria ni jumla ya kilo 185, lakini karibu gunia lote pamoja na zaidi ya nusu ya uzito wa mwendeshaji hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo tairi la nyuma linaweza kubeba kilo 150 peke yake. Viwanda vinavyoandika kikomo cha mzigo kwenye matairi ya baiskeli za kawaida hutaja kama kilo 100 na ushee kwa tairi moja. Maana yake ni kwamba mbeba mkaa au mbeba mpunga huendesha akiwa amevuka kikomo hicho kila siku, na ndiye anayehitaji tairi imara kuliko mtu mwingine yeyote.

Tangu mwaka 2003 kumekuwa na msafara wa baiskeli wa Tour d'Afrique kutoka Cairo hadi Cape Town, unaopita pia Kenya na Tanzania katika safari ya takriban kilomita 12,000. Washiriki wake hupita lami, changarawe na vumbi, na mizigo yao hubebwa na magari. Mchuuzi wa kijijini hupita njia za aina hiyo hiyo akiwa na gunia mgongoni mwa baiskeli, na hakuna gari linalomfuata nyuma.

Namba zilizo ubavuni

Hasara kubwa ya kwanza hutokana na kununua saizi isiyo sahihi. Wengi huingia dukani wakitaka "tairi la 28" au "tairi la 26", na muuzaji huwapa lililopo. Lakini namba hizo za inchi zinadanganya, kwa sababu zilitokana na mapatano ya zamani ya viwanda vya nchi mbalimbali na hazielezi ukubwa halisi wa ringi.

Namba ya kuaminika ni ile inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 5775. Huandikwa ubavuni mwa tairi ikiwa na sehemu mbili, kwa mfano 40-635. Sehemu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, pia kwa milimita. Sehemu hiyo ya pili haina mjadala: ni lazima ilingane na ringi.

Baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo, kama Phoenix na nyingine za mtindo huo kutoka China na India, kwa kawaida hutumia 28 x 1½, yaani 40-635. Lakini kuna tairi jingine linaloitwa 28 ambalo ni 37-622, nalo ni dogo kwa milimita 13. Kwa upande wa 26 hali ni ya kutatanisha zaidi. Tairi la 26 x 1⅜ ni 590, la 26 x 1½ ni 584, na lile la baiskeli za milimani lililoandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.75 au 26 x 1.95, ni 559. La ajabu zaidi ni kwamba 26 x 1.75 na 26 x 1¾, ambazo kwa hesabu za shuleni ni kitu kimoja, ni saizi mbili tofauti: la kwanza ni 559 na la pili ni 571.

Fundi anayelazimisha tairi dogo kuingia kwenye ringi kubwa kwa bisibisi huharibu waya wa ukingoni na kutoboa tyubu. Tairi kubwa likiwekwa kwenye ringi ndogo litachomoka baiskeli ikiwa kwenye mteremko. Dawa yake ni rahisi: mnunuzi anakili namba ya tairi la zamani kwenye karatasi kabla ya kwenda mjini, au analibeba tairi lenyewe.

Njia ya mchanganyiko inataka tairi la kati

Safari ya mkulima haiwi ya aina moja. Huanza kwenye kijia cha shambani chenye miiba, ikapita mchanga wa korongo, ikaingia barabara ya changarawe, na kumalizika kwenye lami ya mjini. Hakuna tairi lililo bora kwa vyote hivyo. Swali la msingi ni sehemu ipi ni ndefu zaidi na sehemu ipi ndiyo inayoleta hasara.

Tairi jembamba lililojazwa sana huteleza vizuri kwenye lami, lakini kwenye mchanga huzama na kwenye changarawe hurusha mzigo na kuvunja spoku. Tairi pana hukanyaga eneo kubwa, hupita juu ya mchanga na hupunguza mtikisiko, jambo ambalo mbeba mayai au nyanya analithamini. Kwa njia za mchanganyiko, upana wa kati ya milimita 40 na 50 ndio unaofaa wengi. Kabla ya kupandisha upana, mtu apime nafasi kati ya tairi, fremu na madigadi. Tairi linalogusa madigadi wakati wa kiangazi litakwama kabisa kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika.

Kuhusu meno, kuna imani kwamba tairi lenye meno makubwa ndilo imara. Imani hiyo haina msingi. Meno makubwa husaidia kwenye tope na udongo uliolegea, lakini kwenye lami huisha haraka, huunguruma na kumchosha mwendeshaji. Mwiba nao haujali meno, kwa vile hupita katikati yake. Tairi linalofaa njia ya mchanganyiko ni lile lenye mstari laini au meno yaliyoshikana katikati, na meno madogo pembeni. Likiwa kwenye lami hutembelea sehemu laini, na likiingia kwenye mchanga au udongo meno ya pembeni hushika.

Adui mkubwa wa tairi kijijini ni miiba ya migunga na mbigili, ule mmea unaotambaa na kuacha vijiwe vyenye ncha kila upande. Kwenye lami adui ni vioo na vile vijiwaya vyembamba vya chuma vinavyoachwa pembeni mwa barabara na matairi ya malori yaliyopasuka. Kwa maadui hao, kinachosaidia ni tabaka la kinga lililowekwa kati ya mpira wa juu na nyuzi. Yapo matairi yenye tabaka la namna hiyo. Mfano unaojulikana duniani ni Schwalbe Marathon Plus, lenye kinga ya mpira ya milimita tano, ingawa bei yake haimfai mchuuzi wa kawaida. Asiyeweza kuyanunua anaweza kumwomba fundi akate ukanda kutoka tairi kuukuu na kuuweka ndani, kati ya tairi na tyubu. Kazi hiyo ina sharti moja: kingo za ukanda zichongwe ziwe nyembamba, vinginevyo zitaisugua tyubu mpaka itoboke.

Kulipima tairi dukani

Mnunuzi hana maabara, lakini ana macho na mikono. Kwanza, alikunje tairi ubavuni na kutazama. Mipasuko midogo kama nyufa za udongo mkavu ni dalili kwamba mpira umezeeka. Mara nyingi matairi ya namna hiyo ni yale yaliyoning'inizwa nje ya duka miezi mingi juani. Mpira huharibiwa na jua, joto na mafuta, na tairi linaweza kuwa jipya kwa jina huku limeshakufa.

Pili, atazame ndani. Nyuzi zisionekane zimechomoza wala kuachana, na zisiwe zimekosa mpira wa kuzifunika. Tatu, apitishe kidole kwenye waya wa ukingoni kuona kama umepinda au umekatika. Nne, alilaze sakafuni. Tairi lililosokoteka haliwezi kukaa sawa kwenye ringi, na litaruka kwa kila mzunguko. Tano, alinganishe uzito wa matairi mawili ya saizi moja kwa mikono. Tairi jepesi kupita kiasi huenda limepunjwa mpira au nyuzi, ingawa uzito peke yake si ushahidi wa ubora.

Mwisho, asome maandishi. Tairi la kiwanda kinachoheshimu kazi yake lina saizi kamili, kiasi cha upepo na jina la mtengenezaji, vyote vikiwa vimechongwa ndani ya mpira. Tairi lisilo na namba za kueleweka, au lenye jina linalofanana na la kampuni maarufu kwa kubadilishwa herufi moja, liachwe palepale.

Usipoziba ufa

Hata tairi bora litakufa mapema mikononi mwa asiyelitunza. Kosa la kwanza ni kuendesha na upepo mdogo. Gurudumu linapogonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya tairi na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Fundi akikuta matundu mawili ya namna hiyo, kosa si la mwiba. Kosa ni la pampu. Upepo mdogo pia hukunja ubavu wa tairi mara maelfu kwa siku mpaka nyuzi zinakatika. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni kwa PSI au kwa bar, na bar moja ni kama PSI 14.5. Kidole gumba si kipimo cha kutosha, hasa kwa mwenye mzigo mzito, hivyo kikundi cha wachuuzi kuchangia kununua pampu moja yenye geji ni jambo la busara.

Kosa la pili ni kupuuza mchaniko mdogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tairi nalo halina tofauti. Mchaniko wa sentimita moja ukiwekewa kiraka kigumu kwa ndani siku hiyohiyo, tairi litaendelea na kazi. Ukiachwa, mchanga utaingia na kusaga nyuzi, na baada ya wiki mbili tyubu itachungulia nje. Kabla ya kurudisha tyubu iliyozibwa, kidole au kitambaa kipitishwe ndani ya tairi lote kutafuta mwiba. Watu wengi wamelipia kiraka mara mbili kwa mwiba mmoja.

Kosa la tatu ni breki. Raba za breki za pembeni zisipokaa sawa husugua ubavu wa tairi na kulikata bila mwendeshaji kujua. Dakika tano za fundi zinaweza kuokoa tairi la mwaka.

Vilevile, tairi la nyuma huisha mapema kuliko la mbele. Wakati wa kubadili ukifika, la mbele lililo bado zima lihamishiwe nyuma na jipya liwekwe mbele, iwapo yote mawili ni ya uimara mmoja. Anayebeba mizigo mizito aweke lililo imara zaidi nyuma. Lakini tairi lililoshonwa au lenye kipara lisiwekwe mbele kamwe. La nyuma likipasuka mtu husimama, ila la mbele likipasuka kwenye mteremko mtu huanguka.

Wauzaji, vikundi na mamlaka

Itakuwa makosa kumlaumu mkulima peke yake. Wengi wanajua kwamba tairi la bei ndogo halidumu. Wanalinunua kwa sababu siku lile la zamani linapopasuka, fedha iliyopo mfukoni inatosha hilo tu. Tatizo liko kwenye wakati wa fedha, na ndiko linakopaswa kutatuliwa.

Fedha ya mkulima hupatikana baada ya mavuno, ilhali njia huwa mbaya zaidi kipindi cha mvua, wakati ghala na mfuko vimekauka. Kwa hiyo tairi la msimu ujao linunuliwe pale mazao yanapouzwa, pamoja na tyubu ya akiba, na vitunzwe ndani, mahali penye kivuli, mbali na mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia. Mpira uliohifadhiwa hivyo hauharibiki kwa miezi michache.

Vyama vya ushirika vya msingi, SACCOS na VICOBA vina nafasi yake. Vimezoea kukopesha kwa ajili ya mbolea na ada za shule. Mkopo wa tairi ni mdogo na unarudi haraka kwa sababu tairi linaingiza fedha kila siku. Kikundi cha watu 20 kinaweza pia kutuma mjumbe mmoja Kariakoo au kwa muuzaji wa jumla wa mkoa, akanunua matairi 20 ya saizi moja kwa bei ya jumla, badala ya kila mmoja kununua la kwake kwa rejareja.

Wenye maduka nao watazame mbele kidogo. Muuzaji anayeweka matairi kivulini, anayeweza kueleza tofauti ya 635 na 622, na anayekubali kubadilisha tairi lililovimba ndani ya mwezi mmoja, atapata wateja wa kudumu. Muuzaji wa tairi bovu hupata faida mara moja na kumpoteza mteja pamoja na majirani zake.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) yana mamlaka ya kisheria juu ya bidhaa hafifu na bidhaa bandia. Ni vema macho yake yasiishie kwenye matairi ya magari. Tairi la baiskeli lisilo na saizi, kiasi cha upepo wala jina la mtengenezaji halipaswi kufika kwenye rafu ya duka la kijijini, kwani mnunuzi wake ndiye mwenye uwezo mdogo kabisa wa kudai haki yake. Nao Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, ukumbuke kwamba barabara iliyomwagiwa mawe makubwa yasiyoshindiliwa inaweza kupitika kwa lori na bado ikawa kaburi la matairi ya baiskeli.

Maofisa ugani wanapofundisha kilimo cha biashara husisitiza kumbukumbu za gharama kuanzia mbegu hadi mavuno. Waongeze mstari mmoja: usafirishaji kutoka shambani, na ndani yake tairi, tyubu, viraka na siku zilizopotea. Mkulima atakayeona jumla ya mstari huo mwisho wa mwaka hatahitaji kuhubiriwa tena.

Mkulima hawezi kupanga bei ya nyanya sokoni, na hawezi kuamrisha mvua. Tairi linalozifikisha nyanya hizo sokoni analichagua mwenyewe. Kabla ya kutoa fedha, asome namba, akunje ubavu, agawanye bei kwa miezi, na aliandike kwenye daftari moja na mbegu na mbolea, kwani ni pembejeo kama hizo.